Kabla ya Seli, Leteni Vidonge

Nitasema wazi mapema, ndiyo wanaotaka kukasirika wakasirike sasa: ukiniletea namba ya paybill ya kuchangia mgonjwa wa Parkinson apande ndege akadungwe seli shina, sitatuma hata shilingi. Nimeshaitwa mchoyo. Nimeshaambiwa masomo yamenipotosha. Binamu yangu mmoja aliniuliza kwenye grupu la familia, mbele ya watu arobaini na wawili wanaosoma na kunyamaza, kama ningesema hivyo hivyo iwapo mgonjwa angekuwa mamangu. Ningesema hivyo hivyo, na kwa sauti zaidi.

Na tuelewane: ugomvi wangu si na sayansi. Seli shina kwa ajili ya Parkinson ni jambo la kweli, linafanywa na watu makini, na siku moja huenda likabadilisha maisha ya wengi. Ndiyo maana matapeli wamelipenda. Mtu wa noti bandia hachapishi noti ya shilingi 700. Anaiga ile ya 1,000 ambayo kila mtu anaijua.

Ugonjwa wenyewe, kwa ufupi. Ndani kabisa ya ubongo kuna kisehemu kidogo cheusi, na seli zake hutengeneza dopamini, kemikali ambayo ubongo unaitumia kuendesha mwendo: kuinua kikombe, kugeuka kitandani, kuanza hatua ya kwanza. Seli hizo zikianza kufa, zinakufa kimyakimya kwa miaka. Mkono unapoanza kutetemeka, nyingi zimeshakwenda. Daktari wa London, James Parkinson, aliueleza ugonjwa huu mwaka wa 1817, na miaka mia mbili na ushee baadaye bado hakuna dawa ya kuuponya. Muhammad Ali aliambiwa anao mwaka wa 1984, na wazee wetu waliomshangilia alipompiga Foreman kule Kinshasa walimwona 1996 Atlanta akiwasha mwenge wa Olimpiki kwa mkono unaotetemeka. Kama ungekuwa unaponyeka kwa pesa, yule angepona. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka wa 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 walikuwa wakiishi nao. Wengi wao si maarufu na hawana mwenge.

Kwa mjomba wangu ilianza na mwandiko. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Trans Nzoia kwa miaka thelathini na moja, na alipostaafu akawa katibu wa kila kamati kijijini, ya maji hadi ya mazishi. Basi kumbukumbu za mikutano zikaanza kupungua ukubwa. Mstari unaanza vizuri, unaishia kama msafara wa sisimizi. Kisha akaacha kusikia harufu. Mahindi yaliungua jikoni yeye akiwa amekaa hapo hapo. Kisha ndipo mkono wa kulia ukaanza. Kufikia wakati huo kijiji kilikuwa na maoni yake. Wengine walisema ni pombe, na huyu ni mtu ambaye hajawahi kuonja hata busaa. Wengine walisema amerogwa kwa sababu ya mpaka wa shamba. Miaka minne ilipita kabla ya mtu aliyesomea kulitamka hilo neno Parkinson mbele yake, na tulilazimika kumpandisha basi hadi Nairobi ili akalisikie.

Baada ya hapo ndipo wakala akaja. Sitaitaja kliniki, iko nje ya nchi, na wakala wake yuko hapa mjini, kijana mtanashati anayejibu ujumbe saa sita za usiku. (Hilo pekee lingetosha kunitia wasiwasi. Ni daktari gani wa kweli umewahi kumwandikia akakujibu saa sita za usiku?) Bei: dola 18,000, mbali na tiketi na hoteli. Piga hesabu, ni zaidi ya milioni mbili na laki tatu za Kenya. Kwa pesa hizo mgonjwa atatolewa mafuta tumboni, seli zitachujwa humo na "kuamshwa", kisha atarudishiwa kwa sindano ya mshipa wa mkono. Siku tano, amerudi nyumbani, anatembea. Mjomba ana ekari mbili. Mnunuzi alikuwa ameshapatikana.

Sasa weka hiyo siku tano kando ya kazi yenyewe inavyofanywa.

Mwaka wa 2006 Shinya Yamanaka wa Chuo Kikuu cha Kyoto alionyesha kwamba unaweza kuchukua seli ya kawaida ya panya aliyekomaa, ukaitia jeni nne, na ikarudi utotoni, ikawa seli shina inayoweza kugeuzwa kuwa seli ya aina nyingine. Mwaka uliofuata akafanya hivyo kwa seli za binadamu, na 2012 akapewa Nobel pamoja na John Gurdon. Halafu? Halafu ikachukua zaidi ya miaka kumi kabla ya mtu wa kwanza mwenye Parkinson kuwekewa seli za namna hiyo katika jaribio rasmi pale Kyoto, mwaka wa 2018. Miaka hiyo yote walikuwa wakijifunza jinsi ya kuzilea seli hadi ziwe karibu kabisa na zile za dopamini, jinsi ya kuhakikisha hakuna hata moja iliyobaki na utoto wa kuzaana ovyo ikawa uvimbe, wakizijaribu kwa panya, kisha kwa nyani. Ndipo wakatoboa fuvu la mgonjwa na kuzipanda kwa sindano nyembamba, mahali panapopimwa kwa milimita, upande wa kulia na wa kushoto wa ubongo. Mgonjwa akapewa dawa za kutuliza kinga ya mwili zaidi ya mwaka mzima ili mwili usizifukuze. Kisha wakasubiri, kwa maana seli zilizopandwa huchukua miezi mingi kukomaa.

Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature, Aprili 2025. Wagonjwa walikuwa saba. Hakuna aliyepata madhara makubwa kutokana na seli. Kati ya sita waliopimwa mwendo wao wakiwa hawajameza dawa, wanne walipata nafuu baada ya miaka miwili. Katika toleo hilo hilo kulikuwa na jaribio lingine, la Marekani na Kanada, lililotumia seli zilizotokana na kiinitete: watu kumi na wawili, na waliopewa dozi kubwa walionekana kupata nafuu zaidi baada ya mwezi wa kumi na nane. Saba na kumi na wawili ni kumi na tisa. Matatu moja ya viti kumi na vinne haingewatosha, lakini hata kondakta angejua ni wachache. Na wenye kazi hiyo wenyewe waliandika waziwazi kwamba lengo la kwanza lilikuwa usalama tu, na kwamba hapakuwa na kundi la kulinganisha nalo. Kwa hiyo lile jaribio la Amerika likaingia hatua nyingine kubwa zaidi, ambamo baadhi ya wagonjwa watafanyiwa upasuaji wa kuigiza, bila seli. Kampuni ya Japani nayo ikapeleka maombi ya kibali mwezi wa Agosti mwaka huo huo. Hapo ndipo dunia ilipokuwa imefika mwaka huo wa 2025. Hiyo ndiyo mbio halisi, na bado iko njiani.

Jamaa wa siku tano anazichukua hizo habari za Nature, anazibandika kwenye ukurasa wake, na chini yake anaweka picha ya sindano ya mafuta ya tumbo. Ni kama mtu akuonyeshe gazeti lenye habari za Kipchoge kisha akuuzie raba za mtumba akikuambia utakimbia marathoni chini ya saa mbili.

Seli zinazotolewa kwenye mafuta si seli za dopamini, na hazigeuki kuwa seli za dopamini kwa sababu mtu ameziomba. Ukizitia kwenye mshipa wa mkono, nyingi hunaswa kwenye mapafu. Ubongo nao una ukuta unaouchuja kila kinachotoka kwenye damu, na seli hazipenyi tu zikaenda kukaa mahali pa milimita chache walipopasua wale wa Kyoto. Kumwaga mbegu katika mto Nzoia na kutumaini zitaota kwenye shamba la mjomba, tena mstari kwa mstari, ni mzaha. Na hapa mbegu zenyewe si za mahindi.

"Lakini watu wanapona, tumewaona!" Hili ndilo jibu ninalopewa kila mara, na si jibu la kijinga, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo. Video zipo. Mzee anaingia kliniki akiburuta miguu, siku ya nne anatembea korido nzima huku bintiye akilia. Sidhani wanaigiza. Nadhani wengi wao wanasema kweli kabisa juu ya wanachohisi, na hapo ndipo penye mtego. Parkinson ni ugonjwa wa dopamini, na dopamini hiyo hiyo ndiyo ubongo unaitoa mtu anapotarajia kitu kizuri. Watafiti wa Kanada walionyesha mwaka wa 2001 kwamba mgonjwa wa Parkinson akipewa kitu kisicho dawa huku akiamini huenda ni dawa, ubongo wake wenyewe huachilia dopamini. Yaani matumaini yanampa nafuu ya kweli, inayopimika, kwa muda. Sasa fikiria mtu aliyeuza ekari mbili, akapanda ndege kwa mara ya kwanza, akapokewa na watu waliovaa makoti meupe na kumwita kwa jina lake. Asipotembea vizuri siku ya nne, atatembea lini? Swali ni anatembeaje mwezi wa kumi na nne, na siku hiyo hakuna anayekuja na kamera.

Wanasayansi waliumizwa na jambo hili kabla yetu. Mwaka wa 1987, huko Lund, Uswidi, madaktari walianza kupandikiza seli za ubongo za vijusi vilivyotolewa mimba, na baadhi ya wagonjwa wa mwanzo walipata nafuu iliyodumu miaka. Watu wakaanza kuimba ushindi. Marekani ikaamua kufanya mtihani mgumu: wagonjwa arobaini, nusu wapandikizwe, nusu watobolewe tundu kwenye fuvu tu, na mgonjwa asijue yuko kundi lipi. Matokeo yalitoka 2001. Nafuu ilikuwa ndogo kuliko ilivyotarajiwa na ilionekana zaidi kwa wenye umri mdogo, na baadhi ya waliopandikizwa walikuja kupata miondoko ya mwili wasiyoweza kuizuia, hata wakiacha dawa. Na walipoulizwa juu ya maisha yao, waliojiona bora walikuwa wale walioamini wamepandikizwa, wawe walipandikizwa kweli au la. Mwaka wa 2008 kukatokea jingine: wagonjwa waliokufa zaidi ya miaka kumi baada ya kupandikizwa walichunguzwa ubongo, na ndani ya baadhi ya zile seli ngeni zilizokuwa changa kukakutwa dalili za ugonjwa ule ule. Uliwafuata hadi kwa wageni.

Hakuna mtu wa kliniki aliyemsimulia mjomba haya. Hata ile historia nzuri hakumsimulia, maana ukiisimulia nzuri itabidi umalizie.

Kuna wanaosema, sawa, huenda haisaidii, lakini si itakuwa tu kama maji? Hapana. Mwaka wa 2009 madaktari wa Israel waliripoti habari za mvulana mgonjwa wa neva aliyekuwa amepelekwa Moscow kudungwa seli za vijusi kwenye ubongo na uti wa mgongo. Miaka michache baadaye alikutwa na uvimbe, na walipoupima wakaona haukutoka mwilini mwake. Ulitoka kwa seli za watu wengine alizodungwa. Mwaka wa 2010 mtoto mdogo alikufa baada ya kudungwa seli kwenye ubongo katika kliniki moja ya Düsseldorf, na kliniki hiyo ikafungwa mwaka uliofuata. Huko Florida wanawake watatu walidungwa machoni seli zilizotokana na mafuta yao wenyewe, tena macho yote mawili siku moja, na wote wakapoteza uwezo wa kuona kwa kiwango kikubwa. Kila mmoja alikuwa amelipa dola 5,000. Nchi hizo zina wadhibiti wenye bajeti na mawakili, na bado serikali ya Marekani ilipigana na kliniki za aina hii mahakamani kwa miaka kabla mahakama ya rufaa haijakubaliana nayo kwa kesi ya California mwaka wa 2024. Wewe ukidhurika katika nchi ambayo hujui hata njia ya kwenda kituo cha polisi, utamshtaki nani? Wakala? Namba yake itakuwa imezimwa.

Kisha linakuja neno ambalo linanichosha kuliko yote: matumaini. "Mwachie mzee matumaini yake." Yaani mimi ninayesema asiuze shamba ndiye ninayemnyang'anya, na yule anayepokea bei ya shamba ndiye anayempa! Matumaini yana gharama, na kwetu gharama hiyo inalipwa kwa ardhi, karo za watoto na mikopo ya simu ya mabinti walioajiriwa Nairobi. Mkaza mjomba, ambaye sisi wote tunamwita Anti licha ya kukariri msamiati ule wote darasani, hakuwa ameulizwa hata mara moja kama shamba liuzwe. Ndiye analilima. Ndiye atakayembeba mjomba chooni siku dola zikishaisha. Mkutano ulifanyika kwenye WhatsApp na yeye simu yake ni ya tochi.

Na tusijidanganye kwamba haya ni ya wasiosoma. Waliokuwa mbele kabisa kuchanga walikuwa wasomi wetu: mhasibu, wakili, mmoja wa duka la dawa. Tumelelewa katika nchi ambapo ugonjwa mkubwa maana yake ni India, na India maana yake ni harambee. Ukimwambia Mkenya tiba iko hapa hapa, anashuku mara moja kwamba si tiba. Sisi tukishachanga tunahisi tumependa. Ni rahisi kutuma elfu mbili kuliko kwenda Kitale kumkatia mtu kucha.

Maana kuna jambo linalonikera kuliko wakala. Mjomba alipokuwa anauzwa ndege, alikuwa amekaa wiki tatu bila vidonge.

Dawa ya Parkinson ipo. Inaitwa levodopa, ubongo unaigeuza kuwa dopamini. Madaktari waliitambua uwezo wake miaka ya 1960, na ni miongoni mwa dawa ambazo Shirika la Afya Duniani limeziorodhesha kuwa za lazima, yaani zile ambazo nchi yoyote inayojiheshimu haipaswi kukosa. Haiponyi. Baada ya miaka kadhaa huanza kuyumba, nguvu yake inaisha kabla ya dozi inayofuata, na mwili unaweza kuanza kujinyonganyonga. Lakini ukimwona mtu dakika arobaini baada ya kuimeza, aliyekuwa ameganda kama kabati akainuka kwenda kumwaga maji ya kuku, utajua kwa nini ninapiga kelele. Mjomba alifundishwa aimeze nusu saa kabla ya kula, kwa sababu protini ya maharagwe na nyama hushindana nayo mlango mmoja. Anaifuata saa kama alivyofuata kengele ya shule. Tatizo ni kwamba hospitali ya umma aliyotumwa huwa nayo mwezi huu na kukosa miezi miwili, na duka la dawa linaiuza kwa bei inayokula pensheni ya mwalimu. Kwa hiyo alianza kukata kidonge nusu. Halafu robo. Halafu akaacha, akaganda, na familia ikaona "dawa za hospitali zimeshindwa, tujaribu seli".

Ng'ambo ya mpaka, katika wilaya ya Hai chini ya Mlima Kilimanjaro, watafiti waliwahi kupita nyumba kwa nyumba wakitafuta watu wenye Parkinson. Waliwakuta 33, na wengi wao walikuwa hawajawahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba wana ugonjwa huo. Soma sentensi hiyo tena ukiwa na picha ya kijiji chenu. Yule nyanya anayesemwa ameingiwa na pepo. Yule mzee wa kona anayechekwa na watoto. Hawahitaji seli za Kyoto kwa sasa. Wanahitaji muuguzi wa zahanati anayejua kwamba mwandiko ukipungua, uso ukikosa tabasamu na hatua zikifupika, kuna jina la jambo hilo, na kidonge chake. Madaktari wa neva nchini mwetu ni wachache mno, na wengi wako Nairobi. Huwezi kuwazalisha kesho. Lakini kumfundisha afisa wa kliniki wa Kwanza au Endebess ni kazi ya siku chache.

Hapa atainuka mtu na upupu. Nawajua. Ni kweli, na niseme kabla hajaniwahi: mbegu za upupu, mmea ule ule mliokuwa mnamwagia wenzenu vitandani bwenini, zina levodopa ya asili, na watafiti wamezijaribu kwa wagonjwa wasiomudu vidonge. Hiyo inanifurahisha kama utafiti. Lakini huwezi kujua kijiko kimoja kina kiasi gani, na dozi ikizidi mgonjwa anatapika, anaanguka, anaona watu ambao hawapo. Mkitaka kupigania upupu, piganieni upimwe na uwekwe kwenye chupa yenye namba. Nitatia sahihi. Msiniletee ungaunga ndani ya karatasi ya gazeti.

Na kuna wanaoniambia msimamo wangu ni wa kitumwa: kwamba nawaambia Waafrika wameze vidonge vya zamani huku wengine wakipandikizwa ubongo mpya. Hapana, hasira hiyo ninayo pia, ila naielekeza kwingine. Mwaka wa 2020 jarida moja kubwa la tiba la Marekani liliripoti habari za mtu mmoja aliyepandikizwa seli zilizotengenezwa kutokana na ngozi yake mwenyewe. Alikuwa daktari aliyegeuka mfanyabiashara, na alikuwa ametia mamilioni ya dola yake katika utafiti huo. Hivyo ndivyo foleni inavyopangwa duniani. Mwaka wa 2023 watafiti, wakiwemo wa Nigeria, walitangaza kwamba wamepata badiliko kwenye jeni iitwayo GBA1 linaloongeza hatari ya Parkinson kwa watu wenye asili ya Afrika, badiliko ambalo halionekani kwa Wazungu. Miaka yote walikuwa wakichunguza damu za Ulaya na kudhani wamemaliza. Kwa hiyo ndiyo, tudai. Kuna mradi wa utafiti wa Parkinson unaohusisha nchi saba za Afrika, Kenya ikiwemo; tudai uzae wataalamu wetu na usiishie kwenye ripoti. Tudai kwamba majaribio makubwa yanayokuja yawe na wagonjwa wetu, kwa masharti yetu, bila kulipishwa. Jaribio la kweli halimtozi mgonjwa dola 18,000 ili achunguzwe. Ukiona anatozwa, hilo si jaribio, ni duka.

Lakini hata hizo seli zikipata kibali kesho kutwa, zinahitaji chumba cha upasuaji wa ubongo chenye picha za kuongoza sindano, dawa za kutuliza kinga kila siku bila kukosa, na daktari wa kumfuatilia mgonjwa kwa miaka. Nchi isiyoweza kuhakikisha kidonge cha levodopa kiko Kitale mwezi wa Machi na wa Aprili itahakikisha vipi dawa ya kinga? Mtu atapandikizwa kwa mamilioni, dawa ikatike wiki tatu, mwili uzifukuze seli. Vidonge ndio msingi. Mabunge ya kaunti yanayopitisha bajeti za afya yana wabunge wenye namba za simu, na wengi wetu vijana tunajua kuwaandama watu mtandaoni wakishindwa kutengeneza barabara. Waandameni kwa hili. Ulizeni levodopa iko wapi kwa jina lake. Bima mpya ya afya ya jamii nayo ulizeni inalipa nini kwa mgonjwa wa Parkinson asiyelazwa.

Kwa kliniki nilimwachia wakala maswali matatu kwenye grupu, watu wote wakiona. Seli hizo zinageuka kuwa nini, na mmejuaje? Matokeo ya wagonjwa wenu wa miaka miwili iliyopita yamechapishwa jarida gani? Mgonjwa akidhurika akiwa amesharudi Kenya, nani anamtibu na kwa pesa za nani? Akajibu kwa video nyingine. Nikauliza tena. Akatoka kwenye grupu, na binamu yangu akaniandikia pembeni kwamba nimemfedhehesha mgeni.

Pesa zilizokuwa zimeshachangwa, shilingi laki moja na elfu themanini, zilizua kelele za wiki nzima, wengine wakitaka warudishiwe. Anti ndiye aliyemaliza maneno, kwa simu ya jirani: akasema zibaki. Sehemu imenunua vidonge vya miezi kadhaa, na jirani mmoja aliyesomea tiba ya viungo anakuja Jumanne na Ijumaa kumfanyisha mazoezi ya kutembea, kwa kuhesabu kwa sauti, kushoto kulia, mjomba akimsahihisha Kiswahili. Zilizobaki ni za vyuma vya kushikilia chooni na taa ya koridoni. Fundi amesema elfu kumi na nne. Nimemwambia hiyo ni bei ya Nairobi, apunguze.